Geji Ikidanganya, Jua Inavyodanganya

Tuanze kwa kuondoa utata. Guta ninayoizungumzia si lile guta la magurudumu matatu linalobeba saruji na magodoro mtaani. Ni Guta ya Bunda, mkoani Mara, pembeni ya Ziwa Victoria upande wa Ghuba ya Speke. Huku pikipiki ndiyo daladala, ndiyo teksi, na usiku mara nyingi ndiyo gari la wagonjwa. Mchana inabeba dagaa, usiku inambeba mama mwenye uchungu anayekimbizwa Bunda mjini. Kwa hiyo swali la "mafuta yatatufikisha?" si swali dogo.

Shida ni kwamba boda nyingi zilizochoka hazina geji ya kuaminika. Ukimuuliza dereva mbona mshale umelala chini kabisa, anakujibu bila wasiwasi: "Panda tu, ticha. Mafuta yapo, geji ndiyo inazingua." Mara nyingi kweli mnafika. Mimi swali langu ni moja: amejuaje?

Kwanza tuone geji inavyofanya kazi. Ndani ya tangi kuna kiboya, mafundi wanakiita floti, kilichofungwa kwenye mkono mwembamba wa chuma. Mafuta yakishuka, kiboya kinashuka, na mkono unashuka nacho. Upande wa pili, mkono huo unasugua kipande chenye ukinzani wa umeme, yale mambo tuliyosoma kwenye fizikia ya sekondari. Ukinzani ukibadilika, umeme unaokwenda kwenye geji nao unabadilika, mshale unasogea. Maana yake geji haijui una lita ngapi. Inajua tu kiboya kimesimama wapi, halafu inakisia mengine.

Hapo ndipo uongo unapoingia. Kiboya kikitoboka kinajaa mafuta na kuzama, kwa hiyo mshale unasema tupu hata kama umetoka kujaza. Mkono ukikwama, mshale unaganda palepale siku nzima. Kile kipande cha ukinzani kikilika, mshale unarukaruka. Soketi ya waya ikiingia maji na kutu, mshale unakuja na kupotea.

Hata geji nzima ina mipaka yake. Tangi la pikipiki limekaa juu ya fremu kama tandiko juu ya punda: chini limegawanyika pande mbili, juu ni pana. Si ndoo iliyonyooka, kwa hiyo nusu ya mshale si lazima iwe nusu ya mafuta. Ukiegesha kwa stendi ya pembeni, mafuta yote yanaegemea upande mmoja. Ukipanda kilima yanarudi nyuma. Ukitaka kusoma geji, simamisha pikipiki wima mahali tambarare, washa swichi, subiri mshale utulie.

Sisi wa ualimu tunafundishwa kwamba kipimo kina mambo mawili: uhalali, yaani kinapima kile kinachotakiwa kupimwa, na uthabiti, yaani ukirudia kupima unapata jibu lilelile. Chukua mwalimu mbanaji anayemkata kila mwanafunzi maksi kumi. Anaumiza, lakini ukimjua unaweza kuongeza zile kumi na ukapata picha halisi. Sasa chukua anayesahihisha kwa mudi: leo anabana, kesho anamwaga. Huyo maksi zake hazikusaidii kitu.

Geji ni hivyohivyo. Inayolala kwenye tupu kila mara zikiwa zimebaki lita mbili ni yule mbanaji. Unaweza kuishi nayo. Inayosema nusu asubuhi, robo mchana, na fuli jioni bila kuongeza hata tone ni mwalimu wa mudi. Hiyo usiitazame kabisa mpaka fundi aiguse. Yule dereva wetu amejua kwa sababu geji yake inadanganya kwa namna ileile kila siku. Lakini anajua kwa kukisia, na kukisia usiku ukiwa na mgonjwa ni hatari.

Kipimo kizuri kipo palepale kwenye dashibodi: namba za kilomita. Jaza tangi, andika kilomita. Endesha kama kawaida, kisha jaza tena mpaka pale pale na uandike lita zilizoingia. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita hizo. Kwa mfano, ukitembea kilomita 160 na zikaingia lita 4, pikipiki yako inakwenda kilomita 40 kwa lita. Rudia mara tatu, kisha shika jibu dogo kuliko yote, maana siku ya mishikaki na gunia la mahindi ulaji unapanda.

Utasema: ni nani wa boda anayejaza tangi? Ni kweli. Kijana ana hesabu ya kumpelekea tajiri kila siku, na mafuta ananunua mwenyewe, ya buku tatu, ya buku tano. Basi itumie koki. Kwenye pikipiki za kabureta zenye koki ya rizevu, ndani ya tangi kuna njia mbili za mafuta: ndefu ya kawaida na fupi ya rizevu. Mafuta yakishuka chini ya ile ndefu, injini inaanza kukata, hata kama geji inasema nini. Pikipiki ikidai rizevu ukiwa karibu na sheli, weka lita mbili kamili, rudisha koki kwenye kawaida, andika kilomita. Ikidai tena, tazama umetembea ngapi, gawanya kwa mbili. Ukisahau kurudisha koki, umejinyima onyo pekee ulilokuwa nalo.

Kwa hesabu hii nunua sheli, usinunue ya chupa. Pampu za sheli hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi. Chupa ya njiani haina anayeipima.

Ukitaka kuhakikisha kwa macho, tumbukiza kijiti safi na kikavu, uone kimelowa mpaka wapi. Fanya hivyo mchana, injini ikiwa imezimwa. Usiku usimulike kwa kiberiti wala kibatari. Mvuke wa petroli unashika moto kabla moto haujagusa mafuta yenyewe.

Najua wengi wetu hatuendeshi, tunapanda tu. Lakini likizo inakuja, na wengine tutapangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule zisizofikika ila kwa boda. Siku ukipanda usiku na safari ni ndefu, acha kumuuliza dereva mshale unasema nini. Muulize aliweka lita ngapi, na tangu hapo ametembea kilomita ngapi. Akikujibu kwa namba, panda. Akicheka, mwambie mpitie sheli kwanza.