Maziwa ya Kilimo Hai: Je, Yastahili Bei Yake?

Nilipokuwa masomoni Uingereza, nikiishi na mke wangu na mtoto wetu mchanga kwa posho ya mwanafunzi, kila Jumamosi nilisimama dukani mbele ya chupa mbili za maziwa. Zote zilikuwa na ujazo ule ule. Moja ilikuwa na nembo ya kilimo hai, na bei yake ilizidi ya mwenzake. Majirani walituambia kwamba mzazi anayejali afya ya mtoto hununua ile ya ghali. Je, walisema kweli? Katika makala hii tutalichunguza swali hilo kwa kipimo na hesabu, kama inavyotupasa katika sayansi.

Kwanza yafaa tuelewe maana ya nembo hiyo. Nembo haielezi maziwa yenyewe, bali hueleza jinsi ng'ombe alivyotunzwa. Nchini Marekani, ambako kanuni za taifa za kilimo hai zilianza kutumika mwaka 2002, ng'ombe hana budi kulishwa malishoni siku zisizopungua 120 kwa mwaka. Chakula chake chote hulimwa bila mbolea za viwandani, na kwa kawaida bila dawa za viwandani za kuulia wadudu. Akitibiwa kwa antibiotiki, maziwa yake hayauzwi tena kwa nembo hiyo. Katika Ulaya ng'ombe mgonjwa aweza kutibiwa, lakini muda wa kungoja kabla ya kuuza maziwa yake huongezwa maradufu.

Je, tofauti hizo hufika kikombeni? Kwa protini, kalisi na sukari ya maziwa, aina hizi mbili zinakaribiana sana. Kuhusu antibiotiki, maziwa ya kawaida nayo hupimwa kiwandani, na yakikutwa na mabaki ya dawa kupita kiwango cha sheria hayaruhusiwi kuuzwa. Kuhusu homoni ya kuongeza maziwa, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1993, nchi za Umoja wa Ulaya ziliipiga marufuku kwa ng'ombe wote.

Tofauti iliyo dhahiri imo katika mafuta. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na wa Chuo Kikuu cha Newcastle walikusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 100, wakaona kwamba maziwa ya kilimo hai yana mafuta ya omega-3 zaidi kwa asilimia 56 hivi. Chanzo chake ni majani mabichi, ambayo yana mafuta ya jamii hiyo kuliko nafaka. Ng'ombe alaye majani mengi huyapitisha mafuta hayo katika maziwa yake.

Asilimia 56 yaonekana kubwa. Lakini mwanafunzi wa sayansi hana budi kuuliza: asilimia 56 ya kiasi gani? Nusu lita ya maziwa ya kawaida yasiyoenguliwa hutoa miligramu 25 hivi za omega-3 za mnyororo mrefu, na ya kilimo hai miligramu 39. Tofauti ni miligramu 14, ilhali mtu mzima hushauriwa apate kama miligramu 250 kwa siku. Gramu 100 za sardini wa kopo zina karibu miligramu 1,000. Kwa hiyo faida ya nusu lita nzima hupatikana katika kipande cha samaki kisichofikia gramu 2! Sehemu kubwa ya kitu kidogo hubaki kuwa kitu kidogo.

Pia kuna jambo ambalo majirani zetu hawakulitaja. Uingereza chumvi nyingi haitiwi madini joto, yaani ayodini, hivyo watu huyapata hasa katika maziwa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey walionyesha kwamba maziwa ya kilimo hai ya majira ya joto yalikuwa na madini hayo pungufu kwa asilimia 42. Madini joto huzuia rovu, na ni ya lazima kwa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito aliyelipa zaidi huenda alipata pungufu.

Hata hivyo, tusiseme kwamba fedha hizo hupotea bure. Antibiotiki zikitumiwa kidogo mashambani, bakteria hupata nafasi ndogo ya kuzoea dawa zinazotutibu sisi. Mbolea za viwandani zikipungua, kiasi kinachosombwa kwenda mitoni hupungua pia. Kwa upande mwingine, ng'ombe hawa aghalabu hutoa maziwa machache, hivyo kila lita huhitaji ardhi kubwa zaidi. Basi mnunuzi hulipia namna ya kufuga. Akilipia afya ya mwanawe, anakosea hesabu.

Nasi nyumbani je? Ng'ombe wetu wengi wa asili huchungwa mwaka mzima, na maziwa yao ni ya majani bila ya nembo yoyote. Hatari yetu ni nyingine: vijidudu vya kifua kikuu na vya ugonjwa wa kutupa mimba, ambavyo huweza kuwamo katika maziwa mabichi ya ng'ombe yeyote, awe wa kilimo hai au sivyo. Kiwandani vijidudu hivyo huuawa kwa joto la nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15. Nyumbani, kuyachemsha maziwa hadi yatokote kunatosha. Shilingi ya kuni ina faida kuliko shilingi ya nembo.

Sisi tulinunua chupa ya bei nafuu, na kwa fedha iliyosalia tukanunua sardini.

Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: watafute tangazo lolote la chakula lenye neno "asilimia", kisha wahesabu ni asilimia ya kiasi gani.