Mali ya Mjerumani

Penye boma la Mjerumani hapakosi hadithi ya mali yake. Biharamulo boma lipo, la mwanzoni mwa karne iliyopita, na hadithi za namna hiyo huenda hivi: Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto masanduku hayakubebeka, yakafukiwa, alama ikachorwa kwenye jiwe. Mwenye kuijua alama hakosekani, ila kabla ya jembe kugusa udongo ataomba fedha ya mganga.

Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Biharamulo, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Tabora. Jeshi la Wajerumani lilikuwa limefilisika. Manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga pwani, sarafu zikaadimika, serikali ikachapa noti kwenye karatasi duni ili ilipe mishahara. Dhahabu kidogo iliyopatikana Sekenke, Iramba, ilifuliwa katika karakana ya reli Tabora ikawa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, 16,000 na ushei tu. Zilitengenezwa zitumike. Leo hununuliwa minadani Ulaya, na sijui kwa nini mtu azike mshahara wa askari wanaomdai.

Rupia ya fedha yenye sura ya Kaisari Wilhelm ni jambo jingine. Ilizunguka madukani, ikalipia kodi ya nyumba, hivyo jembe laweza kuikuta popote. Ina gramu zisizofika 12, wala si dhahabu.

Wamarekani nao wana Mjerumani wao, Jacob Waltz, aliyefariki Phoenix mwaka 1891. Mgodi unaosemekana alikuwa nao bado unasakwa katika milima ya Superstition, Arizona, na baadhi ya wasakaji hawakurudi hai. Nayo dhahabu ya Biharamulo haikuwa sandukuni bali kwenye mwamba wa Tulawaka, ambako mgodi ulianza kuzalisha mwaka 2005.

Kitu kimoja Mjerumani alikificha kweli, nacho ni meli. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka Kagera kwenye maporomoko ya Rusumo, Ngara ya leo, akiingia Rwanda. Baadaye meli ya Ziwa Tanganyika ikapewa jina lake. Julai 1916 mafundi waliipaka mitambo yake grisi, wakaizamisha karibu na Kigoma wakitumaini kuirudia. Waingereza ndio walioiibua, mwaka 1924, na kuanzia 1927 ikabeba abiria kwa jina la Liemba.