Injini Ndani ya Faili: Namna Programu ya Mantiki Inavyofungashwa

Programu nyingi za kompyuta ni mfuatano wa amri: fanya hili, kisha lile, na ukimaliza rudia. Programu ya mantiki haiko hivyo, kwa kuwa mwandishi wake hutaja mambo yaliyo kweli pamoja na kanuni zinazoyaunganisha, kisha huiachia kompyuta kazi ya kutafuta jibu. Lugha mashuhuri kuliko zote za aina hii ni Prolog, iliyoanzishwa mwaka 1972 mjini Marseille, Ufaransa, na Alain Colmerauer na Philippe Roussel, kwa kutegemea nadharia iliyokuwa ikiendelezwa wakati huohuo na Robert Kowalski mjini Edinburgh. Katika lugha hiyo, ukweli kwamba Asha ni mzazi wa Juma huandikwa hivi:

mzazi(asha, juma).

Kanuni inayoeleza bibi ni nani nayo huandikwa hivi:

bibi(X, Z) :- mwanamke(X), mzazi(X, Y), mzazi(Y, Z).

Alama ya nukta mbili na kistari husomwa “ikiwa”, mkato husomwa “na”, na herufi kubwa ni vigeu, yaani nafasi zinazosubiri kujazwa. Ndiyo maana jina la Asha, kinyume na desturi ya uandishi, huanza kwa herufi ndogo. Kanuni hiyo moja hujibu maswali mawili, kwa maana mtumiaji anaweza kuuliza bibi yake fulani ni nani au wajukuu wa fulani ni akina nani, ilhali hakuna neno hata moja ndani yake linaloeleza jinsi ya kutafuta. Kutafuta ni kazi ya injini, ambayo hujaribu njia moja, ikigonga ukuta hurudi nyuma na kushika nyingine, hadi jibu lipatikane au njia zote ziishe.

Hapo ndipo ugumu wa kuifungasha programu ya namna hii unapoanzia. Mtu anayetaka kumpa mwenzake programu aliyoiandika hutamani kumkabidhi faili tendaji, yaani faili moja ambalo mfumo wa uendeshaji wa kompyuta huweza kulianzisha moja kwa moja bila kusakinisha kitu kingine kwanza. Kanuni za Prolog zikipelekwa peke yake kwenye kompyuta isiyo na injini, hubaki maandishi matupu, hivyo anayefungasha hana budi kutafuta namna ya kuisafirisha injini pamoja na maarifa.

Njia mojawapo ni kuzigeuza kanuni zenyewe kuwa msimbo wa mashine, yaani amri zinazoeleweka na kichakataji bila mkalimani. Hiyo ndiyo njia ya GNU Prolog, iliyobuniwa na Daniel Diaz, ambayo kwanza huzitafsiri kanuni kwa lugha ya mtambo dhahania, yaani kompyuta ya kufikirika, ulioelezwa na David H. D. Warren mwaka 1983, kisha huziteremsha hatua kwa hatua hadi kwenye amri za kichakataji, na mwishowe huziunganisha na maktaba za lugha hiyo kuwa faili moja. Ni njia safi, lakini siyo inayotumiwa na wengi.

SWI-Prolog, iliyoanzishwa na Jan Wielemaker katika Chuo Kikuu cha Amsterdam katika miaka ya 1980, imeshika njia nyingine. Programu hupakiwa kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kanuni zake zikageuzwa kuwa msimbo wa kati, yaani amri zinazoeleweka na injini, siyo kichakataji, kisha hali hiyo yote huhifadhiwa kwenye faili kwa amri iitwayo qsave_program. Mwandishi akiomba faili linalojitegemea, injini nzima hunakiliwa mwanzoni mwa faili hilo, na hali iliyohifadhiwa huambatishwa nyuma yake ikiwa katika umbo la ZIP, ambalo ni umbo lilelile linalotumiwa kila siku kubana nyaraka.

Ujanja wa mpangilio huo unastahili kutazamwa kwa karibu. Mfumo wa Linux, unapoombwa kuendesha faili, husoma baiti zake za mwanzo, ukikuta alama ya ELF hutambua kuwa hiyo ni programu, na hufuata maelezo yaliyo pale juu bila kujali mkia una nini. Faili la ZIP, kwa upande wake, huweka orodha ya yaliyomo mwishoni, na kwa hiyo kisomaji chake huanzia nyuma. Faili moja basi husomwa kutoka pande mbili, na kila msomaji huona anachokitafuta. Kwa sadfa, mtambo dhahania ambao SWI-Prolog imejengwa juu yake nao uliitwa ZIP, ingawa majina hayo mawili hayana undugu wowote.

Kinachowanasa wengi si mpangilio wa baiti bali suala la wakati. Hali inayohifadhiwa ni ya dakika ile ya kufungasha, na maelekezo yanayotekelezwa wakati wa kupakia hutekelezwa kwenye kompyuta ya mwandishi, siyo ya mpokeaji. Ikiwa programu huuliza wakati huo folda yake iko wapi na kulihifadhi jibu kama ukweli, njia ya folda ya mwandishi itagandishwa ndani ya faili, na mpokeaji ataambiwa kuwa data haionekani mahali ambapo kwake hapajawahi kuwapo. Mafaili yaliyokuwa wazi na miunganisho ya mtandao havisafiri kabisa. Dawa yake ni kuyahamishia mambo hayo kwenye utaratibu wa kuanzia, yaani kazi ambayo injini huitekeleza kila programu inapowashwa, na si busara kungoja hadi siku ya kufungasha ili kuyapanga upya.

Maktaba zilizoandikwa kwa lugha ya C zina udhia wake, kwa sababu Linux na Windows huzipakia kutoka kwenye diski, wala haziwezi kuzichukua ndani ya ZIP. SWI-Prolog huweza kuzibeba ndani ya faili, lakini wakati wa matumizi hulazimika kuzitoa na kuziweka kwa muda kwenye diski ndipo zipakiwe. Maktaba ya msingi ya C kwa kawaida haibebwi, hivyo faili lililojengwa kwenye Linux mpya huweza kukataa kuanza kwenye Linux ya zamani. Wazoefu hujengea kwenye toleo kongwe wanalokusudia kulihudumia.

Wapo wanaodhani kwamba kufungasha ni kuficha. Sivyo, kwani mkia ule wa ZIP hufunguliwa kwa zana za kawaida, na nywila iliyoandikwa ndani ya kanuni imekabidhiwa kwa kila aliyepokea faili.

Anayekusudia kugawa programu yake aijaribu kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuwekewa Prolog, kwani yake mwenyewe ina kila kitu na itamficha mapengo yote. Tena aijaribu kwenye kila mfumo anaoulenga, maana injini iliyofungwa ndani ya faili la Linux haianzi kwenye Windows, na faili la Windows hujengwa kwa injini ya Windows.