Mdomo wa Bata Huchaguliwa kwa Sikio

Mtu wa pwani akiiona saksafoni, shaba yote ile inang'ara, huitia fungu moja na tarumbeta. Sivyo. Jamaa yake wa karibu ni zumari. Zote mbili ni mirija myembamba mdomoni na mipana mwishoni, na katika zote mbili kinacholia kwanza si shaba wala mti, bali ni ulimi mkavu unaotikisika kwa pumzi. Tofauti ni kuwa zumari ina ndimi mbili zilizokumbatiana, na saksafoni ina mmoja tu, umefungwa kwenye kipulizio. Adolphe Sax, fundi wa Kibelgiji aliyeiandikisha ala hii mjini Paris mwaka 1846, hakuwajua wapiga zumari wa Lamu, lakini lau wangalikutana hawangalikosa mazungumzo.

Nayaeleza haya kwa sababu mpwa wangu, kijana wa Mombasa aliyehamia Ayany, ule mtaa ulio ubavuni mwa Kibera, riziki yake ni saksafoni tenori. Hupiga hotelini mwisho wa juma. Mwaka jana mwenye ala aliyokuwa akiazimwa aliitaka, na bila ya ala hana kazi. Mamake, ndiye dadangu, akampa zamu yake ya mchezo, shilingi 150,000, fedha zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya paa. "Mjomba," akaniambia kwa simu, "njoo tusikize sote wawili. Nikinunua bovu, mvua ya masika itamnyea mama."

Basi nikapanda gari la moshi. Ama suala la wanavyuoni juu ya ala za muziki lina wenyewe, nami siliingii hapa. Na msomaji asishangae kuisikia shaba Kibera. Mahali pale palianza kuwa makao ya askari wa Kinubi wa K.A.R., na bendi za kijeshi ndizo walizoziiga watu wetu walipoanzisha beni, hata Mombasa ikagawanyika Kingi na Skochi. Baadaye wakaja Wakongo na dansi yao. Les Mangelepa waliunda bendi yao papo hapo Nairobi mwaka 1976, na midomo ya bata, kama waiitavyo ndugu zetu wa Dar es Salaam, ikawa ndiyo nusu ya utamu wa wimbo.

Sasa, hii "saksafoni ya kati" ni nini? Viwanda huzigawa ala zao daraja tatu: ya mwanafunzi, ya kati, na ya ustadi. Hakuna sheria iliyopima daraja hizo. Kila kiwanda chajipimia chenyewe. Kwa Yamaha, tenori ya mwanafunzi ni YTS-280, ya kati ni YTS-480, na juu yake iko YTS-62. Ile 480 shingo yake imefuata muundo wa 62, na jambo hilo si dogo, kwani pumzi ikitoka kwenye kipulizio hupita shingoni kwanza, na shingo mbaya huiharibu sauti kabla haijafika tumboni. Lakini bei ya 480 mpya ilipita mara mbili fedha za dadangu.

Zikabaki mbili. Moja ilikuwa mpya kabisa, ya kiwanda nisichokisikia kabla yake, rangi ya dhahabu, imenakshiwa maua mpaka chini, shilingi 70,000. Ya pili ilikuwa YTS-475, iliyoitangulia 480, imetumika, rangi imebambuka na kengele yake ina kibonyeo, shilingi 140,000. Kijana moyo wake ulikuwa kwenye ile mpya, na hesabu alikuwa nayo: nusu ya fedha zingerudi kwa mama.

Jirani yake, mzee aliyepuliza dansi miaka mingi, akatufundisha kupima. Tulifunga mapazia, akateremsha taa ndogo ndani ya mwili wa ala, akabonyeza vifuniko kimoja kimoja. Mwangaza ukichungulia pembeni mwa ngozi ya kifuniko, pumzi nayo itatokea hapo hapo. Ile mpya ilichungulia mahali pengi. Ile kuukuu, patatu. Akashika fito zinazobeba vifuniko akazitikisa: za mpya zilicheza kama jino la mtoto. Kisha akamwambia kijana apige sauti ya chini kabisa, tena polepole, si kwa nguvu. Sauti hiyo hutaka matundu yote yazibe, kwa hiyo tundu moja likivuja huko juu, huku chini sauti hutetemeka au hukataa. Mpya ilikataa. Ile 475 ilikwaruza kidogo, kisha ikatoka nene na tulivu, na mtoto aliyekuwa akichezea mlangoni akanyamaza.

Kibonyeo cha kengele mzee hakukijali. "Kikiwa shingoni ukimbie," alisema. "Huku chini ni urembo tu."

Nami nilikuwa na mtihani wangu. Kijana hataki hoteli maisha yake yote. Ataka kurudi Mombasa apige taarabu. Na bayati ina sauti isiyopatikana kwenye kinanda: ukianzia dukah, sikah yake hukaa baina ya vibao viwili. Udi na fidla huipata kwa kidole. Saksafoni huipata kwa mdomo, kwa kulegeza na kukaza midomo, na kwa hila za vidole. Wapo waliodhani haiwezekani, lakini Samir Srour wa Misri aliifanya, tena nyuma ya Abdel Halim Hafez, wala hakuna sikio la Kiarabu lililomkataa. Nikamwambia mpwa wangu apande bayati taratibu. Katika ile mpya kila sauti ilikuwa na upotofu wake, akawa hajui kipi ni cha maqamu na kipi ni ubovu wa chuma. Katika ile 475 sauti zilikaa pahali pake, na alipoishusha moja robo, ikashuka yeye alipotaka.

Hapo hakuuliza tena bei ya ile mpya. Tulipatana na mwenye 475 kwa shilingi 128,000, na 9,000 zikaenda kwa fundi kwa ngozi tatu na springi mbili.

Zilizosalia, 13,000, alitaka kununua mkoba mpya wa ngozi. Nikamzuia. Kipulizio kizuri hubadili sauti kuliko mkoba, na ndimi huisha. Sasa ana ndimi nne za namba mbili na nusu, huzitumia kwa zamu ili zisilegee mapema. Akija pwani nimemwambia apitishe kitambaa ndani kila amalizapo kupiga, na asiiache dirishani. Chumvi yetu haichagui daraja.