Rimu za Subaru kwenye Premio

Premio na Allion nyingi zinazoshushwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa huja na rimu zisizomvutia mtu: chuma kilichofunikwa kwa kava la plastiki, inchi 14 au 15. Gari likishapata namba za usajili, mwenyewe huanza kuwaza namna ya kulivalisha viatu vipya. Kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Kariakoo, na yale ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mteja huchagua rimu za aluminiamu kwa jicho. Muuzaji anahesabu matundu, anatupia gari jicho, anatamka: "Hii inaingia, bosi."

Mara nyingi anasema kweli, inaingia. Ila rimu inaweza kuingia kwenye stadi zote tano, zile bolti za habu zinazoshika tairi, na bado ikawa rimu isiyo ya gari hilo, na kasoro yake isionekane mpaka gari lifike kilomita 90 kwa saa kwenye lami ya Chalinze.

Mfano mzuri ni rimu ambazo Subaru ilizifunga kwenye Impreza WRX katikati ya miaka ya 2000: kipenyo inchi 17, upana inchi 7. Ni rimu imara, zina umbo zuri, na matundu yake matano yamepangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100, sawasawa na ya Premio. Kipimo hicho ndicho mafundi wanachokiita PCD, na huandikwa 5x100. Harrier, RAV4 na Mark X zina 5x114.3, na Prado 6x139.7. Namba hizo za ajabu ni inchi zilizovaa vazi la milimita: 114.3 ni inchi nne na nusu, 139.7 ni tano na nusu. Volkswagen na Mercedes nyingi zina 5x112, na hapo ndipo wengi huumia, kwa sababu rimu ya 112 inaweza kulazimishwa kwenye habu ya 114.3. Nati itakaza, lakini itakuwa imekaa upande, na stadi itakuwa inavutwa kando kila tairi linapozunguka.

Turudi kwenye Premio yetu. PCD imekubali. Sasa mtu apapase tundu kubwa la katikati, lile linalovaa kitovu cha habu. Kitovu cha Premio kina milimita 54.1, na tundu la rimu ya Subaru lina 56.1. Rimu inavaa na inacheza. Kinyume chake hakiwezekani kabisa: rimu ya Premio haivai kwenye Impreza, itagota kwenye kitovu. Milimita mbili zinaonekana si kitu, lakini kazi ya kitovu ni kuiweka rimu katikati sawasawa, na ikikaa pembeni hata kidogo usukani utatetemeka, mwenye gari atarudi kwa fundi wa balansi mara tatu, na fundi hataona kosa lolote, kwa kuwa kwenye mashine yake rimu iko katikati. Dawa yake ni pete nyembamba ya plastiki au aluminiamu, yenye 54.1 ndani na 56.1 nje. Ni kati ya vitu vya bei ndogo kuliko vyote katika shughuli hii, na ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote.

Nati nazo zina mambo yake. Stadi ya Premio ina unene wa milimita 12 na hatua ya uzi ya milimita 1.5. Ya Subaru ni 12 kwa 1.25. Aliyeuziwa rimu pamoja na nati zake atashangaa nati inashika mizunguko miwili kisha inagoma. Fundi makini atasimama hapo hapo. Kijana mwenye haraka na bunduki ya upepo ataendelea, na uzi wa stadi utaliwa. Zaidi ya hapo, nati za rimu nyingi za aluminiamu za Toyota hukalia washa bapa, ilhali rimu nyingi za dukani zimechongwa kwa ajili ya nati yenye ncha ya koni, na Honda hutumia nati yenye kikalio cha mviringo. Nati bapa kwenye tundu la koni hugusa ukingo tu. Hukaza vizuri siku ya kwanza, kisha hulegea kadiri ukingo ule unavyosagika.

Kisha kuna namba ambayo karibu hakuna anayeiuliza: ofseti. Huandikwa nyuma ya rimu kwa herufi ET, kwa mfano ET45, na ni umbali kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokalia habu. Namba ikiwa kubwa, rimu huzama ndani. Ikiwa ndogo, hutoka nje.

Tuseme rimu ya kiwandani ni inchi 15 kwa 6, ET45. Nusu ya upana wake ni milimita 76, ukijumlisha 45 unapata 121: huo ndio umbali wa ukingo wa ndani kutoka uso wa habu. Rimu ya Impreza ina ET55, na nusu ya upana wake ni milimita 89. Jumla ni 144. Yaani rimu mpya imeingia ndani milimita 23 zaidi, wakati kwa nje imeongezeka chini ya milimita 3. Na ndani huko hakuna uwanja mtupu. Kuna shokapu, na nafasi kati yake na tairi ni finyu tangu kiwandani.

Hapo ndipo spesa inapotajwa. Wengi huidhania kuwa pambo la vijana wanaotaka tairi lichomoze nje, na kwa baadhi ni kweli. Lakini nusu ya spesa zilizoko barabarani, kwa jicho la mwandishi huyu, ni marekebisho ya rimu iliyonunuliwa bila kusoma ET. Spesa ni sahani ya aluminiamu inayokaa kati ya habu na rimu. Spesa ya milimita 15 huigeuza ET55 kuwa ET40: ule upungufu wa ndani wa milimita 23 unabaki 8, na kwa nje tairi linatoka karibu 18. Sasa shokapu imepona na zamu ni ya madigadi. Gari tupu halitagusa. Likipakia watu watano na mizigo ya Krismasi, kila tuta litasikika.

Spesa ziko za namna mbili. Nyembamba, za milimita 3 au 5, huchomekwa tu kwenye stadi zilizopo. Ubaya wake ni kwamba kila milimita ya spesa ni milimita ya uzi iliyoibwa kutoka kwenye nati. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati ishike uzi kwa kina kisichopungua unene wa stadi: milimita 12 kwa hatua ya 1.5 ni mizunguko 8 kamili. Kupima hakuhitaji kifaa. Zungusha nati kwa vidole kuanzia inapong'ata mpaka inapogota, huku ukihesabu. Ukipata mitano, spesa hiyo itoke, au stadi zibadilishwe ziwe ndefu.

Zile nene, kuanzia milimita 15 au 20, hufungwa kwenye habu kwa nati zake, kisha zina stadi zake za kupokea rimu. Ni salama zaidi iwapo zimechongwa kwa kipimo cha kitovu cha gari husika, pande zote mbili. Ila stadi za gari zikiwa ndefu kuliko unene wa spesa, ncha zitachungulia upande wa pili, na rimu isiyo na vishimo nyuma itakalia ncha hizo badala ya kulala kwenye uso wa spesa. Tena, nati za ndani hazionekani. Mtu hukaza za nje kila mwezi na kuamini amemaliza. Na kupachika washa moja moja kwenye stadi kuwa ndiyo spesa, kama wafanyavyo wengine, ni hatari tupu.

Hata spesa nzuri ina gharama zake. Tairi likisogea nje, uzito wa gari unapata mkono mrefu zaidi wa kuikandamiza beringi, na usukani huanza kuvuta tairi moja likiingia shimoni. Milimita 5 dereva hatazihisi. 25 atazihisi.

Matairi yenyewe yana hesabu nyepesi zaidi. Kwenye 195/65R15, upana ni milimita 195, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya huo, yaani 127, na rimu ni inchi 15. Kipenyo chote ni kama milimita 635. Kwenye rimu ya 17, tairi la 215/45 linatoa 625, tofauti isiyofika asilimia 2, kwa hiyo spidomita haitadanganya sana. Muuzaji akishauri 225/50R17 kwa sababu "limejaa", kipenyo kinafika 657. Dashibodi ikisoma 80, gari liko karibu 83, na trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo hasikilizi habari za ubavu wa tairi.

Ubavu ndio wa kuutazama kwa makini kwenye barabara zetu. Kutoka milimita 127 za 195/65R15 hadi 97 za 215/45R17, dereva amepoteza sentimita 3 za mpira na upepo vilivyokuwa vikimkinga na shimo. Halafu kuna namba ya mzigo, ile inayofuata baada ya kipimo. Matairi mengi ya 195/65R15 yana 91, yaani kilo 615 kila moja. Ya 215/45R17 ya kawaida huwa na 87, ambayo ni kilo 545. Kwa hiyo tairi pana, la kuvutia, linabeba kilo 70 pungufu. Yapo ya kipimo hicho hicho yenye 91 na alama ya XL, nayo hutaka upepo mwingi zaidi kidogo. Hayo ndiyo ya kuulizia. Umri husomwa kwenye tarakimu nne za mwisho za mstari wa DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Rimu yenyewe ikiwa ya Kijapani, itafutwe chapa ya JWL, na ikiwezekana VIA kando yake: ya kwanza ni mtengenezaji akitamka kwamba imefikia viwango vya Japani, ya pili ni kwamba chombo kingine kimethibitisha. Kampuni ya RAYS ilipotoa rimu yake ya TE37 mwaka 1996, 37 katika jina ilikuwa uzito wa rimu ya inchi 15: kilo 3.7. Tangu hapo imeigwa duniani kote, na nyingi za kuigwa ni nzito zaidi.

Siku ya kufunga, uso wa habu usuguliwe kwa brashi ya waya mpaka kutu iishe. Nati zianzwe kwa vidole na kukazwa kwa kuruka, si kwa kufuatana, na spana ya kupimia ndiyo imalizie. Kwa Toyota ndogo nyingi kipimo ni nyutoni mita 103. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikazwe tena.

Kabla gari halijaondoka, buti lifunguliwe. Rimu nyingi za dukani zina matundu membamba yasiyopitisha soketi ya 21 ya Toyota, hivyo huja na nati nyembamba na ufunguo wake maalumu. Ufunguo huo ukae kwenye gari, pamoja na nati za zamani, na tairi la akiba lijaribiwe kufungwa hapo hapo kwa fundi, juu ya spesa ikiwa imewekwa, jeki ikiwa bado iko chini ya gari.