Mzazi Anapoacha Ajira na Kufanyia Kazi Nyumbani

Mzazi anayekusudia kuacha ajira ili afanyie kazi nyumbani, karibu na mtoto, anashauriwa kwanza kuzifahamu haki zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Kwa baadhi ya wazazi, haki hiyo yaweza kutosha kuwabakiza kazini.

Anayeamua kuondoka, ikiwa hulipwa kwa mwezi, hutoa taarifa ya maandishi siku 28 kabla. Anastahili ujira wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakuichukua na cheti cha utumishi.

Makato ya hifadhi ya jamii hukoma pamoja na mshahara. Hivyo, mzazi aendelee kuchangia NSSF kama mwanachama aliyejiajiri.

Kuhusu mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: wanawake 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Mikopo ya wanawake na vijana hupitia vikundi vilivyosajiliwa. Ni busara kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kabla mshahara wa mwisho haujapokelewa.