Kulipia Maji Yasiyopimwa

Ukisimama Daraja la Mungu ukausikiliza Mto Kiwira unavyonguruma, hutaamini kwamba maji yanahitaji kibali. Yanahitaji. Sheria ya mwaka 2009 inamtaka kila anayechepusha mto awe nacho, na ofisi ya Bonde la Ziwa Nyasa iko hapa hapa Tukuyu.

Lakini, ndugu wasomaji, kibali peke yake hakiokoi hata ndoo moja. Waulizeni jirani zetu wa Usangu, ng'ambo ya milima ya Poroto. Miaka ya 1990 wakulima wa mpunga walitozwa ada ya haki ya maji kwa kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi, si kilichopita mferejini. Aliyelipa akajiona amenunua mto. Ruaha Mkuu, ulioanza kukauka kiangazi tangu 1993, haukupona.

Australia wakulima wanauziana maji, na soko lao lina msingi: mwaka 1995 liliwekwa kikomo cha maji ya kuchotwa bonde la Murray-Darling, na uchotaji unapimwa. Mkulima akifunga mipira ya kudondosha maji shinani, anachookoa kinaonekana, anakiuza. Wa Usangu akiokoa, ada ilibaki ile ile. Nani angenunua mipira?

Mto Kiwira unaishia Kyela, penye mashamba ya mpunga. Kabla ya kuzungumzia ada huku juu, tuanze na ubao wenye alama za sentimita, usimikwe mferejini penye lango, kila mpitaji ausome.